Grace Hopper: Mwanamaji aliyeifunza kompyuta kuitikia jina

UKITAKA kumtumia mama pesa kwa simu, huandiki hesabu yoyote. Unafungua menyu ya M-Pesa, unachagua Tuma Pesa, unaweka nambari, kiasi na siri yako, basi. Ukitaka pesa mkononi, unachagua Toa Pesa. Muuza kahawa tungu wa Mji wa Kale hajui nyuma ya maneno hayo mawili kuna nini, wala hana haja ya kujua. Anachojua ni kwamba kila neno lina kazi yake, na neno likichaguliwa kazi inafanyika.

Tumezoea hivyo tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007, hadi tunadhani kompyuta zilizaliwa na tabia hiyo. Wapi! Kulikuwa na wakati ambapo mtu aliyetaka kompyuta imfanyie kazi ilimbidi aiandikie kila hatua, nambari kwa nambari. Na kama jana aliandika hatua hizo hizo kwa kazi nyingine, leo anaanza upya. Kati ya watu waliochoshwa na mambo hayo alikuwa mwalimu mmoja wa hesabu, mwanamke mwembamba, aliyeingia jeshini akiwa na miaka 37. Jina lake Grace Hopper.

Vijana wengi hapa kisiwani wanaosomea kompyuta, iwe ni pale Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kule Tudor au ni wa kujifunza wenyewe usiku kwa bando la simu, wanalijua jina hilo kwa kisa kimoja tu, cha mdudu aliyenaswa ndani ya mashine. Kisa kitakuja. Kwanza tumjue mwenyewe.

Alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906, kifunguamimba wa watoto watatu, na jina lake la utotoni ni Grace Brewster Murray. Babake alikuwa mtu wa bima. Maradhi yalisababisha akatwe miguu, naye akasisitiza kwamba binti zake wasome sawasawa na ndugu yao wa kiume ili wawe na uwezo wa kujilisha wenyewe. Miaka ile halikuwa jambo la kawaida, hata huko Marekani. Upande wa mama kulikuwa na babu mmoja, Alexander Russell, aliyekuwa admirali wa jeshi la majini, na picha ya babu huyo ilikaa kichwani mwa mtoto.

Akiwa na miaka 7 aliifungua saa ya kengele ili ajue inavyofanya kazi. Vipande vikamtoka, kuirudisha akashindwa. Akachukua saa ya pili aifungue, aone ile ya kwanza ilikuwaje. Nayo ikamshinda. Akaenda ya tatu. Mama alipokuja kugundua, saa saba za nyumba zilikuwa zimelala vipande vipande. Adhabu yake ilikuwa kwamba kuanzia siku hiyo angeruhusiwa kuchezea saa moja tu. Ingekuwa ni kwetu huku, sijui.

Akiwa na miaka 16 aliomba kujiunga na chuo cha Vassar akakataliwa, kwa sababu alama zake za Kilatini zilikuwa duni. Akangoja mwaka mmoja, akarudi, akaingia. Alimaliza mwaka wa 1928 katika hesabu na fizikia, akaenda Yale akapata shahada ya uzamili mwaka wa 1930 na ya uzamifu katika hesabu mwaka wa 1934. Katikati ya hayo aliolewa na Vincent Hopper, mwalimu wa fasihi, na akarudi Vassar kufundisha. Kwa watu wengi hapo ndipo maisha yangetulia: kazi ya heshima, mshahara, nyumba.

Mwezi Desemba 1941 Wajapani wakashambulia Pearl Harbor na Marekani ikaingia vitani. Hopper akataka kujiunga na jeshi la majini. Wakamkataa. Umri ulikuwa umepita, na uzito wake ulikuwa chini ya kiwango kwa karibu kilo 7. Zaidi ya hayo alikuwa mwalimu wa hesabu, kazi iliyohesabiwa kuwa muhimu kwa taifa, kwa hivyo ati angefaa zaidi akibaki darasani. Hakubaki. Aliomba ruhusa maalum kuhusu uzito, akaomba likizo chuoni, na Desemba 1943 akala kiapo. Sisi tunaoishi na wanajeshi wa Mtongwe ng'ambo ya feri tunajua mafunzo yale si mchezo. Hopper, aliyewazidi umri wengi wa wenzake, alimaliza akiwa wa kwanza katika kundi lake mwaka wa 1944.

Alidhani atapelekwa mahali pa kuvunja siri za adui. Wakampeleka Chuo Kikuu cha Harvard, ndani ya chumba chenye mashine ndefu kuliko tuktuk tano zikipangwa foleni. Iliitwa Mark I. Urefu wake ulikuwa mita 15 na zaidi, ndani yake mna vipande zaidi ya 700,000 vya chuma, waya na swichi, na kelele yake ilikuwa kama ya kiwanda. Kwa sekunde moja iliweza kujumlisha mara tatu. Mara tatu tu! Simu ya bei ya chini kabisa pale Marikiti ingeiaibisha. Lakini mwaka wa 1944 ilikuwa ajabu ya dunia, na bosi wake, Howard Aiken, hakuwa mtu wa kubembeleza. Siku Hopper aliporipoti, alikaripiwa kwa kuchelewa, kisha akapewa hesabu ya tanjenti kinyume na wiki moja ya kuimaliza. Alikuwa mtu wa tatu kupewa kazi ya kuiandikia mashine ile programu.

Mark I ilisoma amri zake kwenye ukanda mrefu wa karatasi uliotobolewa. Tundu hapa, hakuna tundu pale, hiyo ndiyo lugha. Ukikosea tundu moja, hesabu ya makombora ya meli inaharibika. Hopper na wenzake wawili, Robert Campbell na Richard Bloch, wakagundua kwamba kazi nyingi zinajirudia. Leo unatafuta saini ya pembe, kesho kutwa unaitafuta tena. Basi kila mmoja akawa na daftari. Ukifanikiwa kuandika kipande kinachofanya kazi sawasawa, unakinakili daftarini, na mwenzio akikihitaji anakiazima, anakinakili kwa mkono, anabadilisha nambari za mahali ili ziingiane na programu yake.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Binadamu si hodari wa kunakili, wala wa kujumlisha nambari ndefu usiku wa manane. Herufi B ikawa 13. Nambari 4 ikageuka alama ya nafasi tupu. Kipande kilichokuwa sahihi daftarini kikawa kibovu kwenye programu mpya, na kosa likatafutwa siku nzima. Hopper alikaa na jambo hilo kwa miaka. Mashine iliyojengwa kwa ajili ya kuondoa makosa ya watu ilikuwa inalishwa makosa ya watu.

Sasa kisa cha mdudu, tukimalize. Tarehe 9 Septemba 1947 mashine ya pili pale Harvard, Mark II, iligoma. Mafundi walipoichunguza wakakuta nondo amebanwa ndani ya swichi. Wakamtoa, wakambandika kwa utepe kwenye kitabu cha kumbukumbu za kazi. Hopper alikisimulia kisa hicho maisha yake yote, ndiyo maana watu wakadhani ni yeye aliyemkuta mdudu, au kwamba ndiye aliyeanza kuita kosa la mashine mdudu. Si kweli. Neno hilo mafundi wa Marekani walikuwa nalo tangu zamani.

Miaka hiyo haikuwa myepesi. Ndoa yake ilivunjika mwaka wa 1945. Harvard haikuwa na nafasi ya kudumu ya mwanamke katika kazi ile, na mkataba wake ukaisha mwaka wa 1949. Pombe ikamshika vibaya, hadi marafiki wakaingilia kati. Ni sehemu ya maisha yake ambayo makala nyingi za kumsifu huiruka. Nadhani ni vizuri ijulikane, kwa sababu kazi kubwa kuliko zote aliifanya baada ya hapo.

Alihamia Philadelphia kwenye kampuni changa ya Eckert na Mauchly, waliokuwa wakijenga kompyuta ya biashara iitwayo UNIVAC. Baada ya muda mfupi kampuni ikanunuliwa na Remington Rand. UNIVAC ilikuwa na ukanda wa sumaku badala ya karatasi, na hapo ndipo lile wazo la daftari likapata pa kukaa. Hopper alichukua vile vipande vya programu akaviweka kwenye ukanda, kila kimoja akakipa nambari ya kukiita. Mwandishi wa programu hakunakili tena. Aliandika orodha fupi: nambari ya kipande, data ya kufanyia kazi iko wapi, jibu liwekwe wapi. Mashine yenyewe ilikwenda kwenye ukanda, ikakitafuta kipande chenye nambari ile, ikakinakili bila kuchoka, ikarekebisha nambari za mahali, ikaunganisha vyote vikawa programu moja.

Aliita kazi hiyo A-0, na Mei 1952 akaieleza mbele ya wataalamu mjini Pittsburgh. Yeye aliiita kompaila. Leo wengi wangesema ilikuwa zaidi kiunganishi kuliko kompaila kamili, na ni haki kusema pia kwamba pale Cambridge, Uingereza, Maurice Wilkes na wenzake walikuwa tayari na maktaba ya vipande vya programu. Ila hatua ya kumwachia mashine mwenyewe aitwe kwa nambari, akatafute na kuunganisha, hiyo ndiyo iliyowashtua watu.

Kulikuwa na tatizo moja nalipenda. Wakati mwingine programu hutaka kuruka mbele, kwenda mahali ambapo mashine bado haijapafikia, kwa hivyo haijui nambari yake. Hopper alikuwa amecheza mpira wa kikapu chuoni, ambapo unamrushia mwenzio mpira mahali atakapokuwa, si alipo. Akatenga kona mwishoni mwa kumbukumbu ya kompyuta. Mruko usiojulikana unatumwa kwenye kona ile usubiri, na mahali penyewe pakishajulikana, kona inauelekeza. Mpira umefika.

Ungetarajia watu washangilie. Hawakushangilia. Kwa muda mrefu programu ilikuwepo, inafanya kazi, na hakuna aliyetaka kuigusa. Walimwambia kompyuta ni ya hesabu tu, haiwezi kuandika programu. Wengine, nadhani, walipenda kazi ibaki ngumu ili wao wabaki muhimu. Watu wa namna hiyo hawajaisha.

Hebu tulilete jambo hili hapa nyumbani, kwa sababu A-0 ni mjomba wa kitu ambacho kijana yeyote mwenye laptopu kuukuu anaweza kukiandika jioni moja. Chukua soko la samaki kando ya Bandari ya Kale. Karani anapima nguru, changu, tafi na kolekole, anaandika kilo, bei, na deni la barafu la kila mvuvi. Anaandika kwenye daftari lenye maji ya chumvi, na nambari zinafutika. Tuseme mwanawe anayesomea kompyuta amwandikie programu ndogo, aiite samaki. Haina picha wala rangi. Ni ile skrini nyeusi ambapo unaandika amri kwa herufi. Baba anaandika samaki --pima nguru 12, na kilo 12 zinaingia. Anaandika samaki --deni, anaona nani anadaiwa. Anaandika samaki --jumla, siku imefungwa.

Anayeanza ataandika programu hiyo kwa mlolongo wa masharti. Kama neno ni pima, fanya hivi; kama si hilo ila ni deni, fanya vile; kama ni jumla, na kadhalika. Kwa kazi tatu, sawa. Zikifika 30, mlolongo unakuwa kama vichochoro vya Kibokoni kwa mgeni. Na kila kazi mpya inakulazimisha uguse mahali patatu: kwenye masharti, kwenye kazi yenyewe, na kwenye maelezo ya msaada. Sahau pamoja, na baba anaambiwa kazi haipo ilhali ipo.

Njia nyingine ni ya Hopper. Unatengeneza klasi moja, yaani fungu la kazi zinazokaa pamoja na kutumia data ile ile. Kila kazi ndani ya klasi huitwa methodi, nayo ina jina: pima, deni, jumla. Programu haibebi masharti yoyote. Inalichukua neno lililoandikwa baada ya vistari viwili, inaiuliza klasi kama ina methodi yenye jina hilo, ikiwepo inaiita na kuikabidhi yaliyofuata, yaani nguru na 12. Katika Python kitendo hicho kinafanywa na kitu kifupi kiitwacho getattr. Katika Ruby kinaitwa send. Mistari michache tu. Ukitaka kazi mpya ya kuhesabu barafu, unaandika methodi iitwayo barafu, na papo hapo chaguo la --barafu limezaliwa. Hakuna pengine pa kugusa.

Faida ya pili ni msaada. Kwa kuwa majina ya machaguo ndiyo majina ya methodi, programu ikiulizwa --msaada inajisoma yenyewe na kuorodhesha inachokijua, pamoja na sentensi uliyoiandika juu ya kila methodi. Orodha hiyo haiwezi kusahau kazi iliyopo, wala kutaja kazi iliyoondolewa.

Lakini kuna hatari, na hapa wengi huungua. Klasi huwa na methodi za ndani pia, zisizokusudiwa mtu wa nje. Tuseme umeandika moja iitwayo futa, ya kusafisha daftari zima mwisho wa mwaka, ukaisahau humo. Ukiruhusu neno lolote liite methodi yoyote, basi mtoto anayechezea kompyuta akiandika samaki --futa, deni la wavuvi wote limekwenda na maji. Kwa hivyo lazima kuwe na alama ya kutenga kazi za hadharani. Maktaba ya Python iitwayo cmd, inayokuja na lugha yenyewe, inaita tu methodi ambazo jina lake linaanza na do na kistari cha chini. Methodi isiyo na alama hiyo, mtu wa nje hawezi kuifikia kwa kuandika jina lake. Wewe unaweza kuchagua alama yako. Cha lazima ni mlango uwe na mlinzi. Na jina lisipopatikana, programu iseme kwa adabu kwamba haikuelewa na ioneshe inachokijua, isianguke tu na kumwaga makosa ya Kiingereza mbele ya mzee.

Hilo la Kiingereza linaturudisha Philadelphia. Nambari za A-0 zilisaidia, ila bado zilikuwa nambari. Hopper aliona kwamba watu wa hesabu wanapenda alama, lakini karani wa malipo au wa ghala hapendi. Yeye anafikiri kwa maneno. Mbona basi asiiambie mashine kwa maneno? Akaanza kutengeneza lugha ambayo amri zake ni vitenzi vya kawaida vya kazi ya ofisi, vitenzi 20 hivi. Lugha hiyo ikaja kuitwa FLOW-MATIC.

Mwaka wa 1955, ili kuwashawishi wakubwa watoe pesa, timu yake ilitengeneza programu ndogo ya majaribio. Amri za Kiingereza zikafanya kazi vizuri. Halafu, kuonesha kwamba neno ni jina tu lililofungwa kwenye kazi, wakabadilisha jedwali la majina wakaendesha programu ile ile kwa Kifaransa. Kisha kwa Kijerumani. Kazi za nyuma hazikuguswa hata kidogo. Hopper alidhani hicho ndicho kitakachowafurahisha zaidi. Kumbe kilizua zogo. Wakubwa hawakuona vipi kompyuta ya heshima, ya Kimarekani, iliyojengwa Philadelphia, ingeweza kuelewa Kifaransa na Kijerumani. Ilichukua miezi kuwatuliza, na sharti likawa kwamba mambo yafanywe kwa Kiingereza tu.

Ninapofikiria siku ile huwa nakasirika kidogo. Mama yule alionesha mapema kabisa, kabla hata Kenya haijapata uhuru, kwamba kompyuta haina lugha ya mama. Pima, weigh au peser kwake ni mfuatano wa alama unaoelekeza mahali. Mlango wa lugha nyingine ulikuwa wazi kabisa, ukafungwa na watu waliokuwa mezani kwa woga wao. Leo kijana wa Makadara akiambiwa kwamba bila Kiingereza kizuri hawezi kuigusa kompyuta, sehemu ya sababu imeanzia kwenye vikao vya namna ile. Ni kweli, lugha zenyewe za kuandikia programu, Python na nduguze, maneno yake ya msingi ni ya Kiingereza na itabidi uyajue. Lakini majina ya methodi ni yako. Hakuna kinachokukataza kuyaandika kwa Kiswahili, na Kiswahili kina bahati: kitenzi cha kuamuru ni kifupi na safi. Pima. Toa. Gawa. Lipa. Karani aliyesoma hadi darasa la nane atalikumbuka --pima baada ya kuambiwa mara moja. --weigh ataikariri kama mchoro, na siku ya haraka ataikosea herufi.

M-Pesa yenyewe inatuonesha hivyo. Lipa na M-Pesa iko kwenye mabango ya kila duka la Ndia Kuu, na hakuna mteja aliyeomba tafsiri.

Yaliyofuata kwa Hopper yanajulikana zaidi. Mwaka wa 1959 serikali na makampuni ya Marekani yalikubaliana kutengeneza lugha moja ya biashara itakayotumika kwenye mashine za makampuni yote. Ikaitwa COBOL. Watu humwita Hopper mama wa COBOL. Ukweli ni kwamba iliandikwa na kamati, akiwemo Jean Sammet, na Hopper alikuwa mshauri; lakini FLOW-MATIC ndiyo iliyokuwa msingi mkubwa wa lugha hiyo. Desemba 1960 programu ile ile ya COBOL iliendeshwa kwenye kompyuta za makampuni mawili tofauti, jambo ambalo halikuwa limezoeleka. Hadi leo mabenki mengi duniani bado yana COBOL kwenye vyumba vyao vya chini.

Jeshi halikumwacha, au yeye hakuliacha. Mwisho wa 1966 walimstaafisha kwa umri. Akalia. Miezi michache baadaye, Agosti 1967, wakamwita arudi kwa miezi sita asaidie kuweka sawa lugha za kompyuta za jeshi, kwa sababu kila ofisi ilikuwa na COBOL ya namna yake. Miezi sita ikawa karibu miaka 20. Akapanda cheo hadi kepteni mwaka wa 1973, komodori mwaka wa 1983, na mwaka wa 1985 admirali, kama yule babu.

Wakati huo alikuwa akizunguka kufundisha vijana na wakubwa wa jeshi. Ukutani ofisini kwake palikuwa na saa inayokwenda kinyume, ili anayedai jambo halibadiliki kwa kuwa limezoeleka aitazame. Mfukoni alibeba vipande vya waya, kila kimoja karibu sentimita 30. Huo ndio umbali ambao mwanga, katika anga tupu, husafiri kwa nanosekunde moja, yaani sekunde moja ikigawanywa mara bilioni. Maadmirali walipomuuliza kwa nini ujumbe wa setilaiti unachelewa, aliwapa waya wajionee kwamba kati ya hapa na kule juu kuna nanosekunde nyingi sana. Kwa hesabu hiyo hiyo unaweza kuupima mkonga wa TEAMS uliofika Mombasa mwaka wa 2009 kutoka Fujairah, karibu kilomita 5,000 chini ya bahari. Ndani ya kioo mwanga hupunguza mwendo hadi kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hivyo ujumbe wako kutoka Mji wa Kale unafika Fujairah kwa sehemu 25 za elfu moja za sekunde. Ukikuta intaneti inakwama zaidi ya hapo, usiulaumu mwanga.

Alistaafu tarehe 14 Agosti 1986 mjini Boston, juu ya meli kongwe ya USS Constitution, akiwa na miaka 79. Hapakuwa na ofisa aliyekuwa kazini jeshini humo mwenye umri kumzidi. Hakukaa nyumbani, aliajiriwa kama mshauri na kampuni ya kompyuta ya Digital, na kuendelea kuhutubia. Mwaka wa 1991 akapewa Nishani ya Taifa ya Teknolojia, mwanamke wa kwanza kuipata peke yake.

Alifariki usingizini nyumbani kwake Arlington, Virginia, tarehe 1 Januari 1992, akiwa na miaka 85, na akazikwa kijeshi. Hakuacha mtoto. Miaka mitano baadaye jeshi likaingiza kazini manowari yenye jina lake, USS Hopper. Mwaka wa 2016 Rais Barack Obama alimtunuku Nishani ya Uhuru, na mwaka uliofuata Yale, alikosomea hesabu, ikalipa moja ya vyuo vyake jina lake. Fungu la zile waya zake limehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington, mahali pamoja na kile kitabu chenye nondo.